Chogo, plasma au LED? Hela ya parachichi isiliwe na majina

Huku chuo ni wiki ya testi, lakini kuna la nyumbani limenikaa kooni na najua si kwetu tu, kwa hiyo acha niliseme.

Chogo yetu ya inchi 21 kule Tukuyu imeanza kuonyesha watu wote wa kijani, mpaka msoma habari anafanana na mgomba. Bi mkubwa katenga hela ya parachichi anunue nyingine. Basi ukoo mzima umegeuka mafundi! Baba mdogo kaona plasma ya mtumba ya inchi 42, bei poa. Kaka aliyeko Dar anataka QLED ya 4K, chini ya hapo anaona aibu. Mama kanipigia mimi, kwa kuwa eti ndiye msomi. Msimamo wangu nautoa mapema: LED ya kawaida, inchi 32, na hela inayobaki ifanye kazi nyingine.

Tuanze na plasma, maana hiyo ndiyo hatari. Sikatai, enzi zake ilikuwa na picha tamu, weusi wake mzito na mpira unakimbia bila kuacha mkia. Lakini Panasonic waliacha kuzitengeneza mwanzoni mwa 2014, Samsung na LG wakafuata humo humo. Ukiiona leo inauzwa, ujue imeshatumika miaka na miaka, na spea zake ni za kuchomoa kwenye plasma nyingine iliyokufa. Halafu umeme. Plasma ya inchi 42 inakula kama wati 250. Washa saa 5 kwa siku, kwa mwezi ni yuniti 37 na ushee. Bi mkubwa yuko kwenye ile tarifa ya watumiaji wadogo yenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo nusu ya yuniti zake zinaliwa na TV peke yake, bado taa, pasi na friji. LED ya inchi 32 ina wati kama 40, muda ule ule ni yuniti 6. Hapo mjadala wa baba mdogo mimi nimeufunga, kwa heshima zote.

(Kituko kingine: plasma ina gesi ndani ya vioo, na ukiipandisha sehemu za juu sana hewa inapokuwa nyepesi inaanza kuvuma kama nyuki. Tukuyu mjini pengine utapona. Jamaa zetu wa milima ya Uporoto wanaoishi juu ya mita 2,000 wangeisikia.)

Sasa haya majina. Hivi mnajua kwamba "LED" ya dukani ni LCD ile ile? Paneli ni LCD, kilichobadilika ni taa za nyuma. Zamani zilikuwa mirija midogo ya mwanga, zikaja LED, na Samsung mwaka 2009 wakaanza kuziita "LED TV" kana kwamba ni kitu kipya kabisa. QLED nayo, jina la 2017, ni LCD yenye tabaka la chembechembe za kunogesha rangi. Mpya kweli ni OLED, ambayo kila pikseli inajiwashia taa yake na ikizima ni giza tororo. Nzuri sana, ila bei yake si ya watu wa boom. Tena nembo ya chaneli na ule ukanda wa maandishi unaopita chini ya taarifa ya habari vinaweza kuacha kivuli kwenye kioo vikikaa palepale miaka. Nyumba yetu TV inawashwa asubuhi, inazimwa wakati wa kulala. Mnaona wenyewe.

Kwa kaka na 4K yake nina hesabu. Chaneli inayorushwa kwa ubora wa kawaida ina nukta 720 kwa 576. Kioo cha 4K kina 3,840 kwa 2,160. Yaani king'amuzi kikileta nukta moja, TV inatakiwa kuzibahatisha nyingine 19! Kifurushi cha mama ni kile cha bei ya chini. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mwishoni mwa 2012 tumezoea kuilaumu TV, kumbe picha inaamuliwa na kinachoingia. Kwenye chogo ule ubora wa kawaida ulionekana safi kwa sababu chogo inalainisha kila kitu. Ukiupeleka kwenye inchi 55 unaona vibox vibox tu, teh teh teh.

Kitu ambacho hakuna aliyemuuliza bi mkubwa ni watu wanakaa wapi. Siku ya Simba na Yanga sebule yetu inakuwa kibanda umiza cha bure: wazee kwenye makochi, watoto chini, majirani mlangoni, mmoja dirishani. Chogo ilionekana pande zote. LCD nyingine ukikaa pembeni rangi zinapauka, jezi nyekundu inakuwa ya waridi. Kwa hiyo dukani usisimame mbele kama kwenye picha ya pasipoti. Nenda kushoto, nenda kulia, chuchumaa. Paneli za aina ya IPS zinavumilia pembeni kuliko za VA, ingawa weusi wake ni wa kijivujivu. Kwetu sisi, wenye majirani wengi, bora pembeni.

Na mvua yetu je? Rungwe radi haina ratiba. Kifaa cha kulinda umeme kinasaidia umeme unapokatika na kurudi kwa fujo, ila radi ikianza chomoa kila kitu, pamoja na waya wa dishi. Wengi wanachomoa plagi wanasahau dishi.

Kingine, fundi. Taa za nyuma za LED zikiungua fundi wa pale mjini anazibadilisha. Kioo kikipasuka basi, bei ya kioo inakaribia TV mpya. Kwa hiyo mpira wa watoto nje, na mwanga wa nyuma ushushwe hadi kama nusu kwenye menyu, taa zinadumu zaidi. TV nyingi zinatoka dukani zikiwaka kama taa za uwanja.

Mama ana swali moja ambalo sijaweza kulijibu: kile kitambaa chake cha kushona, maua ya plastiki na picha yangu ya mahafali ya kidato cha sita vitakaa wapi, maana juu ya LED hakuna mgongo wa kuwekea kitu. Nimemwambia asifunike matundu ya hewa kwa nyuma. Kanijibu, "Hayo ni yako, mimi nauliza maua."

Mwenye jibu aniambie kabla ya Jumamosi.