FIZI ZA VIJANA NA SIMU ZA USIKU

Mzazi wa Mvumi aonapo damu katika mate ya mwanawe asubuhi hudhani ni jambo dogo. Si dogo. Ni dalili ya fizi zilizovimba, na chanzo chake ni utando wa vijidudu uliokaa menoni bila kusuguliwa.

Simu haili fizi, tusiisingizie. Lakini kijana anayekesha katika intaneti hadi saa 8 ya usiku hutafuna biskuti na kunywa soda, kisha usingizi humchukua simu ingali mkononi, mswaki haukuguswa. Alalapo mate hupungua, na mate ndiyo yaoshayo kinywa. Basi vijidudu hufanya karamu hadi alfajiri. Tena mwili uliokosa usingizi hupungukiwa nguvu za kupigana na maradhi, na kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji kulala muda wa saa 8 hadi 10.

Twawataka wazazi, hasa wafanyakazi ambao ndio walionunua simu hizo, wazikusanye saa 3 ya usiku. Asiye na mswaki wa dukani, mti wa mswaki waota katika nchi kavu kama hii ya Ugogo, nao hauhitaji bando. Damu isipokoma baada ya majuma mawili ya kusugua asubuhi na usiku, kijana apelekwe hospitali kabla jino halijalegea.