Nazi ya Hekaluni

Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hii kila mtu wa pwani anaijua, na wengi wetu tunaitumia bila ya kufikiri. Mimi nimeisikia tangu utoto wangu huku Diani, na sikuona ubaya wake mpaka siku nilipofika mimi mwenyewe mahali Baniani anapokivua kiatu chake hicho.

Jambo hili limenijia upya kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana huyu ndiye mwenye biashara ya nazi ya jamaa yetu, biashara iliyoanzwa na marehemu mjomba wangu. Kila juma anapeleka magunia Mombasa, na katika nazi hizo ziko anazozifua kwa namna ya peke yake, ziendazo kwa Mabaniani. Mwezi uliopita alinijia barazani uso umemshuka.

"Mjomba," akasema, "nimeambiwa fedha hii ni haramu. Nazi zile zinapelekwa mbele ya masanamu. Nataka kuacha."

Nikamwuliza, "Wewe umeziona zinavyofanywa?"

Akasema hakuona. Na aliyemwambia je? Naye hakuona.

Ndugu msomaji, mimi si mwanachuoni, wala sikukaa hapa kutoa fatwa. Najua kwamba vitabu vya fikihi vimelizungumza swala la kumwuzia zabibu mtu atakayezifanya mvinyo, na kwamba wanavyuoni hawakusema neno moja juu yake. Hayo nawaachia wenyewe. Langu mimi ni dogo zaidi: mtu asihukumu asichokiona. Na kwa kuwa mimi nimeona, nitasimulia.

Ilikuwa mwaka 1978. Mjomba alikuwa na homa, akanituma mimi na magunia matatu. Nazi za hekaluni hazifuliwi kama za kupikia. Ukishaipiga nazi kwenye kifuo na kuyatoa makumbi, yale ya kichwani, yanayofunika macho matatu, huyaachi yatoke. Unaacha kishungi kimesimama kama ushungi wa jogoo. Nazi isiyo na kishungi inarudishwa. Mjomba alikuwa mkali sana katika jambo hili, na mimi kofi la kwanza la kazi nililipata kwa kishungi.

Nilivuka Likoni kwa feri ya alfajiri, nikapata mkokoteni, nikafika barabara ya Haile Selassie kwenye hekalu la Swaminarayan kabla jua halijachomoza. Mlipaji hakuwapo. Alikuwa safarini, akitazamiwa jioni. Basi nikakaa siku nzima, na hivyo ndivyo nilivyoiona ibada yao ya siku tangu mwanzo hata karibu na mwisho, jambo ambalo nisingelipata kama ningelipwa mapema.

Mzee mmoja wa Kikachi, ambaye Mjomba alikuwa akimwita Bhai, aliniambia nivue viatu, ninawe miguu, nikae nyuma karibu na mlango kama nataka kutazama. Wanaume walikuwa mahali pao na wanawake mahali pao, hawachanganyiki. Pazia lilikuwa limefungwa. Kisha kengele ikalia, pazia likafunguliwa, na mhudumu akashika taa yenye tambi zilizochovywa katika samli, akaizungusha mbele ya sanamu, watu wakiimba na kupiga makofi. Ibada hiyo ya taa huitwa arati. Ilipokwisha, taa ikapitishwa kwa watu, kila mmoja akiupitisha mkono juu ya moto na kujipaka usoni.

Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza! Ile ya alfajiri ni ya kuamsha. Jua lilipopanda kidogo ikaja nyingine, sanamu zikiwa zimekwisha kuvikwa nguo na mashada ya maua. Karibu na adhuhuri chakula kikapelekwa, pazia likafungwa kama mtu anavyofungiwa mlango ale kwa faragha, kisha arati ya tatu. Baada ya hapo pakafungwa, ni wakati wa kupumzika. Jua linapotua ni ya nne, na usiku kabla ya kulala ni ya tano.

Tano kwa siku. Najua msomaji anafikiri nini, na mimi nilifikiri hilo hilo. Sisemi ni sawa, wala Bhai hakusema ni sawa. Sisi tunamwabudu asiyelala wala asiyekula, na pale niliona kinachoamshwa na kulishwa. Katika jambo hilo baina yetu na wao kuna bahari. Lakini nilikuwa nimeambiwa tangu utoto kwamba Baniani hana ila duka lake na mizani yake, na nikawaona wenye maduka wamesimama pale kabla ya jogoo kuchoka kuwika, tena siku ya kazi, na wengine wakarudi adhuhuri. Niliwahesabu kimoyomoyo, nikahesabu na safu zetu za alfajiri msikitini kwetu. Hesabu hiyo sitaiandika hapa.

Saa za mchana, pazia limefungwa, Bhai alikaa nami kivulini akinihadithia. Alisema katika ujana wake alipanda mlima wa Girnar, huko Gujarati, wenye ngazi karibu 10,000 za mawe na mahekalu juu yake, akishika ngazi kwa mikono mwishoni. Aliona fahari kuutaja mlima ule kama haji wetu anavyoitaja Arafa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua habari za mlima mwingine, Sabarimala, ulioko Kerala, kusini ya Bara Hindi, na habari hizo zinatuhusu sisi wa minazi. Mwenye kwenda huko hufunga nadhiri ya siku 41, hali nyama wala hanywi ulevi, kisha hupanda amejitwika mzigo ambao ndani yake mna nazi iliyotolewa maji na kujazwa samli. Watu kwa mamilioni huenda kila msimu. Na kabla ya kupanda, mahujaji hao hupita mji wa Erumeli, wakauzuru msikiti wenye jina la Vavar, Mwislamu ambaye katika masimulizi yao alikuwa rafiki wa huyo wanayemwendea mlimani. Msikiti ni msikiti, watu wanaswali, na Mabaniani wanapita na miguu yao mitupu.

Nirudi Mombasa. Baada ya ile arati ya adhuhuri walipita wakigawa vipande vya nazi na sukari ya mawe kwa kila aliyekuwapo. Ni tabaruku yao, huitwa prasad, kitu kilichokwisha kuwekwa mbele ya sanamu. Mgawaji akanifikia mimi. Nazi ile ni yangu, nimeifua kwa mkono wangu, na nilikuwa na njaa tangu usiku! Lakini mafundisho ya chuoni yalikuwa kichwani: kilichotolewa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu hakiliwi. Nikarudisha mkono nyuma. Watu wawili watatu wakanitazama, na jasho likanitoka.

Bhai akaona. Hakukasirika, wala hakucheka. Alimwambia mgawaji neno kwa Kikachi, yule akapita. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani, "Wewe nayo Ramadhani yako, mimi nayo Ekadashi yangu." Ekadashi ni siku yao ya kufunga, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi. Akanipeleka nje, akafungua gunia ambalo halijaingizwa ndani, akatoa nazi moja, akaivunja kwa jiwe ukutani, akanipa. "Hii haijaingia," akasema. Nikaila yote.

Tangu siku hiyo, kila nilipopeleka mzigo, Bhai alikuwa akiitenga nazi moja kabla magunia hayajapita mlangoni. Hapakuwa na maneno tena. Na magharibi ya siku ile ya kwanza, adhana ilipotoka mtaa wa pili na kengele zao zilipoanza, yeye ndiye aliyeniashiria kwa kidevu: nenda, wakati wako huo.

Mimi nasema adabu ya ujirani ndiyo hiyo. Hatukukubaliana kitu, na hakuna aliyejifanya kwamba tumekubaliana. Yeye alijua mpaka wangu uko wapi, nami nikajua wake, kwa sababu tulikaa kivulini tukaulizana. Aliyemwambia mpwa wangu maneno yale hakuuliza mtu.

Tena naona haya kwa jambo jingine. Sisi wa Kwale ndio tunaoweza kumcheka Baniani kwa nazi yake? Nenda kwenye pango au mbuyu wowote wenye sifa huku kwetu, utakuta vitambaa vyeupe na vyekundu, chupa za marashi na majivu ya ubani. Hayo hawakuyaweka Mabaniani. Kaya Kinondo, mmojawapo wa misitu ya kaya za Mijikenda, huingiwa kwa kujifunga kaniki, na baadhi ya wazee niwajuao waendao huko kuomba ni wale wale ninaowaona safu ya mbele siku ya Ijumaa. Silaumu wazee. Nauliza tu kwa nini ukali wetu unavuka feri kwenda Mombasa bila ya kupita Kinondo kwanza.

Na mpwa wangu naye nilimkumbusha jambo. Minazi ile aliipataje? Kwa ada ya Kidigo, ukeni, mpwa kamrithi mjomba, ilhali mirathi ya Kiislamu inajulikana hisa zake na watu wake. Siku ya kuipokea minazi hakuja kwangu na uso ulioshuka! Akacheka mwenyewe.

Katika Sura ya Al-An'aam Waislamu tumekatazwa kuwatukana wale wanaoombwa na wengine badala ya Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Mungu bila ya kujua. Aya ile hupita midomoni mwetu kila Ramadhani, kisha tunakaa barazani kuanza na Baniani mbaya.

Nilimwambia kijana afanye mambo mawili. La kwanza, aende kwa kadhi, aeleze kila kitu bila kuficha, nazi, kishungi na sanamu, kisha atakaloambiwa alifuate hata likiwa la hasara. Sitamzuia, na minazi haikosi wanunuzi. La pili, kabla ya hilo, aupeleke mzigo mmoja mwenyewe badala ya kumpa utingo, asimame mlangoni, atazame, ili akifika kwa kadhi aeleze jambo analolijua.

Hilo la pili amekwisha kulifanya. Bhai alikufa zamani, lakini mjukuu wake yupo. Nilimwuliza kijana ameona nini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, wamenirudishia nazi kumi. Wanasema vishungi ni vifupi."

Kwa kadhi anakwenda Jumatano. Magunia mawili bado yako ukumbini kwangu, na jana usiku nilimsikia akizichambua upya, moja moja.