Ukimpiga Picha Ngamia wa Diani, Usimkate Anayemshika Kamba

Tafuta Diani huko Instagram na picha utakayoipata ni ileile: ngamia wawili, mchanga mweupe, bahari nyuma, mgeni juu anacheka. Sasa angalia pembeni. Kuna kamba imetoka kichwani mwa ngamia na kuishia hewani. Mkono ulioishika umekatwa. Wengine humfuta mtu mzima kwa programu, kamba ikabaki inaelea yenyewe kama ya jini.

Mimi hii tabia naipinga, na najua wenzangu wa kamera watanijia juu.

Hiyo picha hukuipiga peke yako, bro. Kwetu jua hutokea baharini, halizami huko, kwa hivyo ule mkao wa ngamia mweusi tii mbele ya jua ni wa alfajiri tu, na kuna mtu aliyeamka kabla yako kumleta. Yeye ndiye anayejua maji yamekupwa hadi wapi na ni wapi mchanga umeshikana, ule unaong'aa kama kioo. Halafu ngamia hutembea kwa kupeleka miguu miwili ya upande mmoja pamoja, ndio maana aliyepanda huyumba na picha hutoka na ukungu. Unamwambia mwenyewe "rudi tena kidogo." Anarudi. Mara ya tano anarudi. Ngamia anapigishwa magoti, anainuka, anapigishwa tena. Muda huo wote mteja wa kulipa ameshapita, na msimu wa kusi wageni wenyewe ni wa kuhesabu.

Hebu linganisha na zile picha za Iditarod, mbio za mbwa za Alaska zilizoanza 1973. Mbwa wamefungwa safu, wanavuta sleji kwenye theluji, pumzi zinatoka kama moshi. Kali sana! Na anayewaendesha yumo, amesimama nyuma, jina lake limeandikwa chini. Hakuna anayesema ameharibu mandhari. Sisi mbona mwenye mnyama tunamfanya uchafu wa kusafishwa?

Kuna watakaosema kumkata ni kumlindia faragha. Ulimuuliza? Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake, na mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kuuliza ni nusu dakika. Kumfuta vizuri, mpaka kivuli chake mchangani, ni zaidi ya hapo.

Mimi nakubaliana bei ya muda kabla sijatoa kamera, sio bei ya kupanda. Picha namtumia WhatsApp siku hiyohiyo. Akikubali, jina na namba yake naweka kwenye posti, mteja ampigie mwenyewe. Hoteli ikitaka kununua, fungu lake liko ndani ya bei. Juzi moja ilitaka picha "safi, bila mtu." Nikawaambia watafute ngamia anayejiongoza.