VIJANA, TUSIWAPE RUNGU LA KUTUPIGIA

NDUGU msomaji, pita jioni kwenye vijiwe vya Kamunyonge usikilize siasa. Mwanzo utasikia hoja nzito: ushuru wa mwalo, bei ya sangara, vijana kukosa ajira. Baada ya muda mtu anatukanwa mama yake. Hapo mjadala umekwisha kufa. Mwenye hoja na asiye nayo wamekuwa sawa.

Sisi tunasema wanaofaidika na hali hiyo ni wakubwa, si walalahoi.

Mwaka 2016 mahakama mjini Arusha ilimhukumu kijana mmoja faini ya shilingi milioni 7 au kifungo cha miaka 3 kwa kumwita Rais Magufuli "bwege". Februari 2018 Joseph Mbilinyi, maarufu kama Sugu, aliyekuwa Mbunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA, alihukumiwa miezi 5 jela kwa lugha iliyodaiwa kumfedhehesha Rais katika mkutano wa hadhara. Je, nchi ilijadili kilichowakera watu hao? Thubutu! Ilijadili ndimi zao.

Tuelewane. Neno "bwege" halistahili kumpeleka mtu jela hata kwa siku moja. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyorithi kwa Mwingereza, kinamfunga mtu kwa lugha ya matusi. Lakini wakubwa wanapowaita wapinzani wahuni majukwaani, karandinga halionekani! Hiyo si haki, na hatutachoka kusema.

Hata hivyo, ukijua mwenye rungu anatafuta kichwa, kwa nini umpelekee chako?

Wapo watakaosema watu wa Mara hatujui kuremba maneno. Sawa, lakini ukali si tusi. Mwulize diwani mbele ya watu, "Fedha za kisima zimekwenda wapi?" Swali hilo litamnyima usingizi. Mtukanie mkewe, naye atakimbilia polisi huku akishangilia moyoni, maana kisima hakuna atakayekiuliza tena. Hata watani wa jadi, wanaoruhusiwa kutaniana msibani, wana miiko yao.

Mfano tunao hapa jirani, Butiama. Machi 1995 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya waandishi wa habari Dar es Salaam, chama alichokiasisi mwenyewe kikiwa madarakani, akazitaja nyufa za nchi: Muungano kutikiswa, Katiba kupuuzwa, rushwa, ukabila na udini. Hakuuma maneno. Maneno yale yanachoma hadi leo, na hakuna aliyeweza kuyakwepa kwa kisingizio cha lugha chafu.

Utasema yule alikuwa Mwalimu, nani angethubutu kumgusa? Ni kweli. Ndiyo maana wewe kabwela, usiye na jina wala wakili, unahitaji ulimi safi kuliko yeye. Wakikukamata, wakukamate kwa hoja yako, ili wananchi wote waione hoja hiyo mahakamani.

Tunaitaka Serikali iache kuwafunga watu kwa sababu ya maneno. Nanyi vijana tunawataka muwe wa kwanza kumnyamazisha mtukanaji, hata kama amevaa fulana ya chama chetu.