Faili Mbili za Subaru Moja

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa chini ya gari.

Haya basi, kisa chenyewe. Nina Subaru Impreza. Nililinunua likiwa na injini ya 1500cc isiyo na tabo, gari la mtu mpole wa kwenda kanisani na kurudi. Baadaye nikaitoa injini hiyo nikaweka EJ20 yenye tabo, kwa msaada wa fundi mmoja wa Kibera ambaye mikono yake naiheshimu kuliko digrii yangu ya kompyuta. Ukibadilisha injini hapa Kenya, lazima namba mpya iingizwe kwenye logibuku, na kabla ya hapo gari likaguliwe. Langu lilikaguliwa, likafaulu. Lilifaulu hata kipimo cha moshi.

Lilifaulu kwa sababu nilidanganya. Leo nataka kuupinga ukaguzi ambao mtu kama mimi anaupita kwa jioni moja akiwa na laptopu na kebo, na napinga nikijua kwamba kwenye kesi hii mimi ni shahidi na mshtakiwa pia.

Kwa wasiojua mambo ya magari, nieleze kidogo (wanaojua, rukeni aya hii). Ndani ya bomba la ekzosi kuna kopo la chuma lenye sega kama la nyuki, limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Hilo ndilo katalaiza. Moshi ukipita humo likiwa limepata moto wa kutosha, monoksidi ya kaboni na mabaki ya petroli humalizwa kuungua, na oksidi za nitrojeni huvunjwa. Lakini linafanya kazi yake vizuri tu pale injini inapopewa karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, na anayelinda kipimo hicho sekunde kwa sekunde ni kompyuta ya injini. Kwa hiyo usafi wa moshi ni nusu chuma, nusu programu. Mkaguzi wetu anaangalia ile nusu ya chuma, tena kwa mbali.

Sasa fikiria historia yenyewe. Petroli yenye risasi huliua katalaiza, na nchi za Afrika zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia 2006 Kenya tulikuwa tumeiaga. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, 2021, na tangazo la dunia kumaliza kazi hiyo lilitoka kwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri. Mwaka 2015 Afrika Mashariki tukashusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Kazi kubwa ilifanyika ili moshi wetu uwe wa kusafishika. Halafu sisi vijana wa Subaru tunalala chini ya gari na grainda, tunakata kopo, tunaliuza kwa ajili ya madini yake, na pesa tunanunulia rimu.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Kopo likaenda, bomba tupu likaingia. Kompyuta ya injini ikalalamika mara moja kwa kodi ya P0420, maana yake "katalaiza halifanyi kazi", nami nikainyamazisha. Kuna programu huria inaitwa RomRaider inayofungua faili ya kompyuta ya Subaru na kukuonyesha majedwali yake yote: petroli, moto wa plagi, presha ya tabo. Nikaongeza presha, nikaongeza petroli, nikaruhusu ile mipasuko ya ekzosi inayowafanya watoto wa Olympic wapige makofi. Nilijisikia mhandisi.

Tatizo likaja siku ya kukaguliwa ilipokaribia. Fundi akacheka. "Hiyo ni kitu ndogo, bro. Mimi niko na katalaiza ya inspection." Lilikuwa kopo moja zima, limehifadhiwa juu ya kabati kama kikombe cha mashindano, linalofungwa kwa bolti kwenye gari la mteja asubuhi na kufunguliwa jioni. Sijui limekaguliwa mara ngapi katika maisha yake. Yeye angeleta kopo, mimi nilete faili. Nikaandika ya pili: presha chini, mchanganyiko safi, hakuna mipasuko. Moja nikaiita "barabara", nyingine "ukaguzi". Kubadilisha moja kwa nyingine ni dakika chache, chai haijapoa.

Kituoni wakaingiza kipimo kwenye ekzosi, injini ikinguruma tu pale iliposimama, wakakanyaga mafuta kidogo, wakaandika. Ni kana kwamba umepima mbio za mtu akiwa ameketi! Injini ya tabo huchafua inapobeba mzigo, pale kompyuta inapoacha kile kipimo cha 14.7 na kumwaga petroli ili kupoza moto. Hapo kituoni mzigo haukuwepo. Kwa lugha ya kazi yangu, huo ni mtihani ambao mtahiniwa anayo maswali, anayo majibu, na anajua kwamba hataulizwa tena mpaka atakapotaka mwenyewe. Programu iliyojaribiwa hivyo ningemrudishia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mwaka 2015 dunia nzima iliishangaa Volkswagen. Programu yao ilikuwa inaangalia usukani, kasi, muda injini ilivyokaa imewashwa na presha ya hewa, ikagundua "hapa tunapimwa", ikajisafisha. Barabarani baadhi ya magari hayo yalitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango cha Marekani. Magari milioni 11 hivi. Mkuu wa kampuni akajiuzulu, kampuni ikakiri makosa mahakamani 2017. Mimi nilifanya yale yale kwa mkono, bila hata sensa ya usukani, na mtaani nikaitwa mjanja.

Najua mtakachoniambia, kwa sababu nami nilikisema. "Wewe ni Subaru moja, angalia matatu ya 46, angalia lori za mchanga." Ni kweli, na moshi wa dizeli ni mbaya kuliko wangu. Lakini hiyo matatu hukaguliwa kila mwaka na bado mnaiona Naivasha Road ikitoa wingu jeusi. Ilipitaje? Mlango niliopitia mimi haukuchongwa kwa ajili ya Subaru. Kenya ina Kanuni za Ubora wa Hewa tangu 2014, sheria si kitu tunachokosa.

Wengine watasema nataka kuwanyang'anya mafundi wa jua kali riziki. Hapana. Fundi wangu anaweza kulichomelea katalaiza jipya lenye sega pana, la magari ya mbio, vizuri kuliko karakana za bei kali, na gari likitiwa faili ya akili linapoteza nguvu kidogo sana ambazo huzioni kwenye foleni ya Ngong Road. Nimelijaribu hilo mwenyewe. Anayesema gari la nguvu lazima linuke, kwa maoni yangu, hajui kuandika faili.

Sasa nataka nini? Nataka mkaguzi aiulize kompyuta. Magari ya kisasa yana swali maalumu: faili yako inaitwaje, na jumla ya kuihakiki ni ngapi? Waliozoea kupakua programu mtandaoni mnaijua jumla ya aina hiyo, herufi moja ikibadilika nayo inabadilika. California wanauliza swali hilo tangu Julai 2021, na gari lenye faili isiyoidhinishwa linaanguka. Japani, ambako magari yetu mengi hutoka, tangu Oktoba 2024 wanasoma kompyuta kwenye ukaguzi wa magari yao mapya ya nyumbani.

"Lakini si utarudisha faili halisi siku hiyo?" Swali zuri! Ndiyo, ningerudisha. Ila ukiandika faili upya, kompyuta husahau majaribio yake ya ndani, na huhitaji safari kadhaa kuyamaliza tena, likiwemo la katalaiza. Kwa hiyo mkaguzi asome vyote viwili, jumla ya faili na hali ya majaribio. Hapo lile kopo la juu ya kabati litahitajika kwa siku kadhaa kwa kila mteja, na fundi mwenyewe ataona hesabu haimlipi. Magari ya zamani ya Japani mengi hayajibu maswali haya kikamilifu, nakubali. Hayo yainuliwe na mtu achungulie chini, na yasimamishwe barabarani siku ambayo mwenyewe hakuichagua.

Na matokeo yawekwe wazi, bila majina ya watu: aina ya gari, mwaka, kituo, kipimo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliuchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap kwa vifaa vya GPS mkononi, mtaa ambao ramani zilikuwa zinauacha mtupu. Vijana kama hao wapeni jedwali la ukaguzi na wiki mbili tu, watawaonyesha kituo ambacho gari haliwahi kuanguka.

Mimi naishi Kawangware, karibu na steji. Kando ya pale ninapoegesha kuna mama anayeuza chapati. Kila asubuhi nilipoliwasha gari alikuwa anafunika sufuria, halafu anajifunika mdomo kwa leso. Hakuwahi kugomba. Siku moja tu aliniuliza, "Kijana wangu, hiyo gari yako ni mgonjwa?" Nikamwambia imefaulu inspection, cheti ninacho. Akasema, "Ehe," akaendelea kusukuma.

Nimenunua katalaiza, limenigharimu zaidi ya nilivyouza lile la kwanza. Faili ya "barabara" nimeifuta, pamoja na nakala yake. Ile ya "ukaguzi" ndiyo iliyomo sasa, nimeipandisha presha kiasi na inaenda vizuri.

Fundi alinipigia simu juzi. Ana wateja watatu wenye Forester wanaotaka faili ya inspection, na wanalipa vizuri. Nikamwambia sifanyi tena. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama namjua mwingine anayefanya.