Harusi za mchana Eastlands: jioni hubaki sufuria tupu

Kadi za harusi zinazosambazwa siku hizi na nyumba za Kiislamu za Pumwani, Eastleigh, Kaloleni, Umoja na Kayole zinakaribia kufanana zote. Nikaha ni saa nne asubuhi au mara baada ya sala ya Adhuhuri, chakula ni saa saba, na chini ya kadi kumetajwa saa ya kumaliza, ambayo aghalabu ni saa kumi. Mwalikwa akiisoma anafahamu kwamba anatakiwa aje, ale, awaombee maarusi heri, kisha ashike njia. Kamati ya harusi nayo hufahamu hivyo hivyo, na daftari lake la matumizi hufungwa saa hiyo hiyo ya kumi.

Lakini harusi yenyewe haifungwi saa kumi. Pita mahali hapo saa kumi na mbili u nusu, Magharibi inapoadhiniwa, utawakuta watu wasiopungua hamsini. Viti vya kukodi vimepangwa tayari kuchukuliwa, hema linafunguliwa kamba, sufuria zimelazwa ubavu zinasuguliwa kwa majivu, na watoto wameanza kulia njaa. Mtu mzima mmoja atauliza kwa sauti ya chini, "Jioni tunakula nini?" Na hapo mama wa bibi harusi, ambaye hajaketi tangu alfajiri, atafungua kibindo chake.

Ni jambo hilo la jioni ambalo twataka kulizungumza leo, kwa kuwa limeleta madeni na manung'uniko katika nyumba nyingi, na kwa kuwa wasomaji wetu wa pwani ndio mara nyingi wageni hao wanaobaki.

MCHANA ULIVYOINGIA

Wenyeji wa Mombasa, Lamu na Malindi wamezoea harusi yenye usiku. Nikaha ilikuwa, na mahali pengi bado ni, msikitini baada ya Isha, wanaume wakitoka na halua na kahawa chungu. Wanawake nao wana siku zao za hina na za kupamba ambazo haziishi mapema. Mtaa mzima ulikuwa jiko. Mgeni aliyetoka Siyu au Vanga hakuachwa chini ya hema, bali aligawiwa nyumba ya shangazi au ya binamu, na mwenye nyumba hiyo ndiye aliyempa chajio.

Pumwani, ambayo ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwakusanya Waafrika wa Nairobi mahali pamoja, ilijengwa na wenyeji wake kwa mtindo wa nyumba za Kiswahili. Katikati ukumbi, vyumba kushoto na kulia, na nyuma ua. Katika ua huo palikuwa na nafasi ya mafiga makubwa, kuni, na wanawake kumi wakimenya vitunguu bila kugusana viwiko. Harusi ikija, nyumba tatu nne za jirani ziligawana wageni. Chakula cha jioni hakikuandikwa daftarini kwa sababu hakikuhitaji kuandikwa.

Leo wajukuu wa nyumba hizo wametawanyika. Mmoja yuko Umoja, mwingine Kayole, mwingine Buruburu, shangazi yuko Dandora. Ghorofa la nne halina ua. Jiko ni la mtu mmoja kugeuka, maji huja kwa zamu, na jirani wa mlango wa pili huenda hajui hata jina lako. Hema husimamishwa mbele ya jengo, penye kuegeshwa magari, na ni lazima liondoke kabla wenye magari hawajarudi.

Kisha ikaja korona. Tarehe 27 Machi 2020 serikali ilianza kutekeleza amri ya kutotoka nje usiku, mwanzo ikiwa kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa zilibadilishwa mara kwa mara, lakini amri yenyewe ilidumu mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, harusi ama ilifanywa mchana ama haikufanywa. Amri ikaondoka, saa kumi ikabaki kwenye kadi.

Hatusemi kwamba korona peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Tangu mwaka 2009 kuna kanuni za serikali za kuzuia kelele, na mtu akipiga taarabu kwa vipaza sauti usiku katikati ya magorofa anaweza kuletewa askari. Wazee hawapendi kuwa ndani ya matatu gizani. Hema na viti hukodiwa kwa siku. Kwa ufupi, harusi ya mchana ni nafuu na ni salama zaidi, nasi hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na hesabu inayofanywa kana kwamba watu wote wa harusi ni watu wa kadi.

WASIO NA KADI

Tuchukue mfano wa harusi ya Jumamosi yenye wageni 300. Wapishi wengi watakuambia kilo moja ya mchele hutosha watu saba au wanane, kwa hivyo kamati hununua kilo 40, hutafuta nyama Burma, vitunguu na nyanya Marikiti, na hapo huona kazi imekwisha.

Sasa hesabu waliobaki jioni. Jamaa kutoka Mombasa na Malindi, tuseme 25. Wapishi na wasaidizi wao 12. Wanawake wa kuosha vyombo wanane. Somo wa bibi harusi na wasichana wanaomhudumia, sita. Vijana wa hema, wa maji na wa mkokoteni, watano. Ongeza watoto ambao hakuna kamati iliyowahi kuwahesabu, na utakaribia watu 65. Hata mmoja kati yao hakupewa kadi. Jamaa waliitwa kwa simu, na waliosalia waliitwa kufanya kazi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wao hata mchana hawakula sawasawa. Aliyeamka saa tisa usiku kuchambua mchele, akasimama kwenye moshi mpaka Adhuhuri, akapakua masinia mpaka saa tisa, huambulia ukoko. Wageni waheshimiwa wamekwisha kushiba na kupiga picha, naye ananusa pilau kwenye mikono yake tu.

Jamaa wa pwani ana shida yake mbali. Ikiwa amekata tikiti ya treni ya usiku, treni hiyo huondoka Syokimau saa nne. Kwa ajili ya msongamano wa barabara na upekuzi wa pale stesheni, inampasa atoke Pumwani saa mbili hivi. Tangu hema lifunguliwe saa kumi hadi saa mbili ana muda mrefu wa kukaa juu ya mkeka akisubiri, na akiondoka hivyo hivyo atafika Mombasa kabla ya alfajiri akiwa na sahani moja tu tumboni tangu jana yake mchana. Wale wa mabasi hali yao ni hiyo hiyo. Wenye adabu hawatasema neno. Watasema wakifika kwao, na maneno hayo yatarudi Nairobi kabla ya fungate kumalizika.

Mbele ya watu hao, nyumba huwa na njia mbili, na zote mbaya.

Ya kwanza ni kukimbilia dukani na mkahawani. Mikate, soda, vibanzi na kuku hununuliwa kwa bei ya rejareja, usiku, kwa mkopo. Daftari la kamati limekwisha kufungwa na mwenyekiti ameshakwenda kwake, kwa hivyo fedha hizo hutoka kwa wanawake: kwa mama mtu, kwa khalati, kwa chama chao cha kila mwezi. Ndiyo maana ukimwuliza mwanamume gharama ya harusi atakupa jumla moja, na ukimwuliza mkewe atakupa nyingine. Wote wawili wanasema kweli. Ile tofauti baina yao ndiyo chakula cha jioni, na huenda ikalipwa kwa miezi.

Ya pili ni kuwapa watu pilau iliyobaki mchana, ikiwa imebaki. Mara nyingi haibaki, kwa kuwa kila anayeondoka huondoka na fungu la nyumbani. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, lakini hatujasikia pilau ya harusi iliyokosa chombo cha kubebewa! Na ikiwa imebaki, ina hatari. Wali uliopikwa saa nne asubuhi na kukaa sufuriani mpaka saa moja usiku umemaliza muda wa saa tisa. Wataalamu wa afya hutushauri wali usikae nje ya baridi zaidi ya muda wa saa mbili, kwani kuna vijidudu vinavyostahimili moto wa kupikia, navyo wali ukipoa huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto mpaka ukatoa mvuke. Wengine wakitapika usiku husema wamefanyiwa hasidi, na hasidi mwenyewe ni sufuria iliyofunikwa.

WALIMA SI PILAU PEKE YAKE

Wako watakaosema kwamba kumlisha mtu mara mbili ni israfu. Twawajibu kwa mambo wanayoyajua kutoka darasani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Lakini yeye mwenyewe alipomwoa Bibi Safiyya, walipokuwa njiani wakirudi kutoka Khaybar, walima wake ulikuwa tende, samli na jibini kavu, bila ya mkate wala nyama. Na imepokewa kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni cha walima ambao matajiri huitwa na masikini wakaachwa. Maskini wa harusi zetu, kwa maoni yetu, ni yule anayekoka moto.

Upande wa pili, wageni nao wana fundisho lao. Katika walima wa Bibi Zaynab bint Jahsh kulikuwa na watu waliokula kisha wakaketi wakizungumza, mpaka Mtume akaona uzito na haya kuwaambia waondoke. Ndipo ikateremka aya ya 53 ya Suratul Ahzab, inayowafunza waumini kwamba wakishakula watawanyike. Kwa hivyo jirani wa Shauri Moyo aliyekwisha kula mchana na nyumba yake iko hatua mia mbili, hana haki ya sinia la jioni. Akibaki kwa maongezi anapunguza fungu la msafiri.

JIONI IPIKWE UPYA

Wanawake wazoefu wa Majengo hawahitaji kufundishwa nasi, ila yafaa kamati za wanaume zisikie. Jioni iwe na ukurasa wake katika daftari tangu kikao cha kwanza, na fungu lake litengwe likiwa bichi, kabla ya sahani ya kwanza ya mchana kupakuliwa. Likitengwa likiwa limepikwa litaliwa. Mwekeni chumbani, na ufunguo apewe mwanamke mmoja tu asiyeona haya kusema hapana. Si lazima awe mkubwa wa ukoo, na pengine ni afadhali asiwe, kwani wakubwa huombwa na wakatoa.

Wapishi wa jioni wasiwe wale wa asubuhi. Wawe wanne watano, waje Alasiri wakiwa wamelala vizuri.

Na pilau isirudiwe. Kama ng'ombe amechinjwa, mifupa, kichwa na miguu huwa imetupwa pembeni mchana kutwa. Watu 65 wanaweza kula supu ya mifupa hiyo ikiwekwa kwenye makaa yaleyale yaliyobaki, nayo ichemke tangu saa tisa. Ila mifupa ikae penye baridi, si juani. Pakiti ya kilo mbili ya unga wa ngano hutoa chapati ishirini hadi ishirini na tano, hivyo pakiti sita zatosha mtu chapati mbili na watoto wasikose. Kwenye magorofa ambako hapana nafasi ya kusukumia, kila mtaa wa Eastlands una mama anayeuza chapati, na akiambiwa siku mbili kabla atazileta za moto kwa bei ya jumla. Maharagwe ya nazi kilo sita, yakilowekwa usiku wa Ijumaa, hayasumbui mtu. Chai ya tangawizi. Basi. Mtu wa Mombasa akikumbuka biriani ya kwao na anung'unike, lakini atapanda treni ameshiba.

Wa kula kwanza wawe wasafiri, mara baada ya Magharibi, kwa sababu wao ndio wenye saa ya kuondoka. Pamoja nao wakae wapishi wa asubuhi, kwenye mkeka ule ule, wakipakuliwa na wengine. Tumeona nyumba ambazo wapishi hulishwa jikoni wakiwa wamechuchumaa, na hatukupenda. Vijana wa hema wapewe chao kabla ya kufungua kamba, maana wakishapakia gari hawakai.

Linabaki la wewe unayealikwa kutoka pwani. Nyumba ya Nairobi haiwezi kukuuliza utaondoka saa ngapi, ni aibu kwao kuuliza, kwa hivyo sema wewe. Neno moja kwa simu siku ya Alhamisi, "Sisi ni watu saba na tunarudi kwa treni ya usiku," linamwezesha mwenye ufunguo kuongeza pakiti moja ya unga na kutafuta gari la kuwapeleka Syokimau kabla hajaanza kuoga kwa ajili ya harusi.