Vishikio vya Kabati: Chagua Mwenyewe, Lipa Mwenyewe

Watu wengi wakikarabati jiko hubishana wiki nzima kuhusu rangi ya kabati na jiwe la kaunta. Ikifika zamu ya vishikio, wanamwambia fundi, "Hiyo tafuta tu chochote kizuri." Wanamtumia pesa kwa simu na kurudi kazini.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mteja hujipunja. Sisemi fundi ni mwizi. Nasema umemwachia mtu mwingine achague kitu ambacho wewe ndiwe utakishika kila siku, asubuhi ukitafuta majani chai na usiku ukirudisha sufuria. Kaunta utaipangusa mara moja au mbili kwa siku. Kishikio utakivuta mara ngapi?

Hesabu kwanza, urembo baadaye

Tuchukue mfano wa jiko la kawaida lenye milango 14 na droo 6. Hivyo ni vishikio 20. Ukichagua cha shilingi 150, utalipa 3,000. Ukichagua cha shilingi 400, utalipa 8,000. Tofauti ya shilingi 250 kwa kimoja inaonekana ndogo ukiwa umekishika mkononi, lakini kwa jiko zima ni shilingi 5,000. Kwa hivyo usiulize tu "hiki ni pesa ngapi?" Hesabu milango na droo ukiwa nyumbani, andika idadi kwenye simu, kisha uende dukani.

Ongeza viwili vya akiba. Rangi ya dhahabu ya katoni moja haifanani kila mara na ya katoni nyingine, na kile kimoja kikivunjika mwaka ujao unaweza kukosa pacha wake. Ndiyo sababu pia ni vizuri kununua vyote siku moja.

Taa za dukani zinauza

Nilisomea masoko chuoni, na moja ya mambo ya kwanza unayojifunza ni kwamba bidhaa huuzwa na mahali ilipowekwa. Kishikio kikitundikwa kwenye ubao mweusi chini ya taa kali, kitang'aa hata kama ndani ni chuma duni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vyote viwili vinajiuza, tena chini ya taa moja.

Kwa hivyo kitoe kwenye ubao. Kipeleke mlangoni ukione kwa mwanga wa jua. Kigeuze uangalie nyuma, pale ambapo mtengenezaji hakutarajia uangalie. Ukiona rangi imekosa mahali au kingo zinakwaruza kidole, rudisha. Neno "dhahabu" kwenye kibandiko ni jina la rangi tu. Halisemi ndani kuna nini.

Beba pia sumaku ndogo, hata ile ya kubandika picha kwenye friji. Iweke katikati ya kishikio, si kwenye skurubu. Ikinata kwa nguvu, kuna uwezekano mkubwa ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, au ile stenlesi ya daraja la chini. Isiponata, inaweza kuwa stenlesi ya daraja la 304, shaba, alumini au zinki. Sumaku haimalizi kesi, lakini inakupa swali la kumuuliza muuzaji. Alumini utaijua kwa wepesi wake. Zinki ni nzito, na vishikio vingi vyenye nakshi hutengenezwa kwayo kisha vikapakwa rangi. Si mbaya, mradi rangi imeshika vizuri, kwa sababu ikibanduka hakuna kingine cha kukilinda.

Jikoni si bafuni, na Nairobi si Kilifi

Jikoni adui ni mafuta. Kishikio chenye maua na mifereji mingi kinapendeza siku ya kwanza, lakini baada ya miezi michache ya kukaanga, ile mifereji imejaa uchafu na unaisafisha kwa mswaki. Mimi ningechagua kilicho laini, chenye nafasi ya vidole vinne kupita nyuma bila kukwaruza mlango. Kama unaishi na mzazi mwenye maumivu ya viungo, nafasi hiyo ni muhimu zaidi, kwani vile vidogo vya mviringo humlazimisha kubana kwa ncha za vidole. Na kama kuna mtoto anayejifunza kutembea, epuka ncha kali. Kabati za chini ziko usawa wa uso wake.

Bafuni adui ni unyevu. Mvuke wa maji moto hukaa kwenye chuma, na chuma kilichopakwa vibaya huanza kutu pale kwenye tundu la skurubu. Hapo shaba au stenlesi inastahili bei yake. Shaba haishiki kutu kama chuma, ingawa hufifia rangi na kuhitaji kupanguswa.

Kwa walio Mombasa, Kilifi, Malindi au Lamu, hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Stenlesi ya 304 inaweza kuanza kupata madoa ya kahawia, hasa ikiwa nyumba iko karibu na ufuo. Ya 316 hustahimili chumvi vizuri zaidi, ila bei yake iko juu. Popote ulipo, usisafishe vishikio kwa dawa za kung'arisha nguo nyeupe. Klorini iliyomo huharibu hata stenlesi. Maji, sabuni kidogo na kitambaa kikavu vinatosha.

Pima kati ya matundu, si urefu wote

Kama unabadilisha vya zamani, usipime kutoka ncha hadi ncha. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine. Vipimo utakavyokutana navyo sana ni milimita 96, 128, 160 na 192, kila kimoja kikizidi kingine kwa milimita 32. Ukikosea, fundi atatoboa upya, na mlango utabaki na matundu ya kuzibwa ambayo hayatajificha vizuri.

Angalia na skurubu. Zinazokuja na kishikio kwa kawaida hutosha mlango mmoja wa mbao. Droo nyingi zina mbao mbili mbele, kwa hivyo uliza skurubu ndefu hapo hapo dukani badala ya kumlipa bodaboda kurudi kuzitafuta.

Na pesa ikibana, punguza kwenye kishikio, usipunguze kwenye bawaba. Bawaba ndiyo inabeba mlango. Kishikio kizuri kwenye mlango uliolegea ni sawa na kuvaa tai bila shati.

Pesa ya vifaa mbali, pesa ya kazi mbali

Ushauri wangu kuhusu malipo ni huu: usitume pesa yote kwa fundi kwa mkupuo mmoja. Enda naye dukani, sikiliza anachosema kwa sababu anajua kazi, kisha wewe ndiwe ulipe kwa till ya duka. Jina la biashara likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa tofauti na la duka, uliza kwanza. Muuzaji akikuambia "till imekataa, tuma kwa namba hii yangu," sitisha. Ujumbe wa malipo uliokwenda kwa duka ni ushahidi wako kishikio kikibanduka rangi, na ukiomba risiti juu yake utakuwa umejikinga zaidi.

Kuna watakaosema hivyo ni kumnyima fundi kitu kidogo anachopata dukani. Sawa, basi mlipe vizuri waziwazi. Mafundi wengi huongeza kwenye vifaa kwa sababu wateja hubishana nao sana kuhusu pesa ya kazi, tena wengine humaliza kazi na kuzungushwa miezi. Kubalianeni bei ya kazi, mtumie sehemu akianza na salio akimaliza, siku hiyo hiyo. Yeye atakuwa na rekodi, na wewe pia.

Ukinunua kwenye kurasa za mitandaoni, omba kulipa baada ya kupokea. Picha nzuri haikuonyeshi uzito wala nyuma ya kishikio.

Kwa mpangaji

Usidhani haya ni ya wenye nyumba pekee. Muulize mwenye nyumba kwanza, akikubali badilisha kwa vyenye kipimo kile kile cha matundu, na uweke vya zamani kwenye mfuko pamoja na skurubu zake. Siku ya kuhama, rudisha vyake na ubebe vyako. Rangi ya ukuta huwezi kuhama nayo, lakini vishikio vinaingia kwenye mfuko mmoja.

Kwa hivyo kabla hujamwambia fundi "tafuta tu chochote," chukua futi, hesabu milango, na utenge bajeti ya vishikio kando na ile ya kazi. Ni nusu saa ya kazi. Vishikio vyenyewe utaishi navyo miaka.